Oili ya giaboksi na difu kwenye Subaru iliyotoka Japani: laki moja ni mbali mno

Swali: Fundi, shikamoo. Niko Isevya hapa Tabora. Nimeagiza Subaru Impreza WRX STI ya 2010 kutoka Japani, gia sita za mkono, dashibodi inasoma kilomita 58,000. Oili ya injini nimeshabadilisha. Kaka yangu aliyeko Dar ana gari jipya la kasi, na oili ya giaboksi na difu aliimwaga likiwa na kilomita 2,000 tu. Ananisukuma nami nifanye hivyo haraka. Fundi wangu anasema oili hiyo haiguswi mpaka laki moja, tena ile iliyoandikwa GL-5 inakula giaboksi. Mwisho wa mwezi nina safari ya Kigoma kwa barabara. Nimsikilize nani, niweke oili gani, na kazi hii inafanyika hapa hapa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Badilisha sasa, ya giaboksi na ya difu ya nyuma (lile kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) siku hiyo hiyo. Kaka yako yuko sahihi kwa gari lake, ila sababu yake si yako. Fundi wako naye anachosema kuhusu GL-5 kina ukweli, lakini ni ukweli wa magari mengine.

Nianze na kaka. Meno ya gia mpya ukiyaangalia kwa jicho ni laini, kumbe yana mikwaruzo midogo iliyoachwa na mashine iliyoyachonga. Katika kilomita za mwanzo jino na jino husuguana mpaka yazoeane, na kinachosagika hapo ni unga wa chuma unaobaki ukizunguka ndani ya oili. Injini ina filta ya kukamata uchafu wa namna hiyo. Difu haina. Ina sumaku kwenye nati ya kumwagia, na sumaku hukamata kile tu kinachopita karibu yake. Kwa hiyo mwenye gari jipya lenye nguvu akiimwaga oili ya kwanza mapema, anautoa unga ule kabla haujaanza kusaga beringi. Viwanda vingi havimlazimishi, ila gharama ni lita chache za oili, na mimi simkatazi. Hata anayefunga krauni na pinioni mpya, zile gia mbili kuu za difu, kwenye difu iliyokufa huambiwa aendeshe kwa utaratibu, asivute mzigo, aache difu ipoe kati ya safari na safari, kisha amwage oili kwenye kilomita 800 hivi.

Lako limeshapita huko. Unga wa mwanzo ulisagika Japani mwaka ule ule wa 2010. Swali la kwako ni kama kuna mtu aliwahi kuumwaga, na hilo hulijui wala mimi silijui. Karatasi ya mnada itakuambia mlango wa kushoto una mkwaruzo na daraja la gari ni ngapi, haisemi neno juu ya difu. Namba ya dashibodi nayo ni ya kuaminiwa kwa kiasi. Inawezekana kabisa oili iliyomo humo ni ile ya kiwandani, ina miaka kumi na kadhaa. Oili ya gia haiozi, lakini viungo vyake vya kulinda meno hutumika vikaisha, uzito wake hupungua kwa kukatwakatwa na gia, na kila difu inapopata moto na kupoa huvuta hewa yenye unyevu kupitia tundu lake la kupumulia. Halafu kuna jambo kubwa kuliko yote hayo: gari la mkononi ukiimwaga oili yake ya kwanza unapata habari ambazo muuzaji hakukupa. Nitalirudia mbele, maana watu wengi huimwaga oili hiyo shimoni bila kuiangalia.

Laki moja ya fundi wako haikutoka hewani. Ratiba za baadhi ya viwanda husema oili ya gia ikaguliwe tu, isibadilishwe, kwa gari linalotumika kwa upole. Turbo yenye nguvu ya farasi zaidi ya 300, inayosukuma magurudumu manne, ikiendeshwa kwenye joto la Tabora na vumbi lake, haimo kwenye kundi hilo. Mimi ningekuwekea kilomita 40,000 kwa matumizi ya kawaida, na nusu yake ukiwa mtu wa kukanyaga. Ukivuka maji yaliyofika katikati ya magurudumu, usihesabu kilomita. Fungua difu wiki hiyo hiyo.

Sasa GL-5, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Herufi hizo zinaonyesha kiasi cha ulinzi wa meno yanayogandamizwa sana. Ulinzi huo hutokana na viungo vya salfa na fosforasi, ndivyo vinavyoipa oili ya difu harufu yake kali. GL-5 ina karibu mara mbili ya viungo vilivyomo kwenye GL-4. Ubaya unaosemwa ni kwamba ndani ya giaboksi ya mkono kuna ringi za sinkronaiza, zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana, nyingi za shaba nyeusi au shaba njano, na salfa ya oili za zamani ilikuwa ikizila polepole. GL-5 nyingi za siku hizi zimetulizwa upande huo. Linabaki suala la utelezi: sinkronaiza hufanya kazi kwa kukamata, kwa hiyo oili inayoteleza kupita kiasi huifanya gia iingie kwa kugoma au kwa mlio. Hivyo kwa giaboksi iliyoandikiwa GL-4 peke yake, fundi wako yuko sawa, na ukimwekea GL-5 mwenye gari hilo atakulaumu.

Ila Subaru imejengwa tofauti. Difu ya mbele haina nyumba yake. Imo ndani ya kasha la giaboksi na zote mbili zinaoga kwenye oili moja. Difu hiyo ni ya haipoidi, maana yake pinioni imekaa pembeni ya mstari wa katikati wa krauni, na meno hayabingiriki tu, yanaburuzana pia huku yamebeba nguvu yote ya injini. Kuburuzana huko ndiko kunakohitaji GL-5. Ukiweka GL-4 ili kuzihurumia sinkronaiza, umeiacha krauni ya mbele bila kinga, na ikisagika hiyo unashusha giaboksi nzima. Ndiyo maana Subaru wenyewe huandika oili ya GL-5 yenye uzito wa 75W-90 kwenye giaboksi hiyo. Mwambie fundi wako hivi kwa heshima, ukimwonyesha kitabu cha gari au kurasa zake kwenye simu. Fundi mzuri hugeuka akiona chuma kilivyopangwa, hahitaji kubishana.

Kuna wanaomimina ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, kwenye giaboksi ya mkono ili gia ziwe nyepesi asubuhi. Yapo magari ya mkono yaliyotengenezwa kutumia ATF kweli. Lako halimo. Usiruhusu.

Difu ya nyuma ya STI nayo hutumia 75W-90 ya GL-5, kwa hiyo oili moja inatosha kote. Giaboksi ya gia sita inameza lita 4.1 hivi, difu ya nyuma lita 1 hivi. Nunua lita sita, moja karibu nzima itabaki ya kuongezea. Ukikosa 75W-90 Tabora nzima ukapata 80W-90 nzuri, kwa joto letu haitaua kitu. Utaisikia asubuhi za Juni na Julai gia ya pili ikiwa nzito mpaka gari lichangamke. Ya 85W-140 iache kwa malori.

Utaulizwa pia kama difu yako ni ya LSD na kama inahitaji dawa ya kuongeza. STI za gia za mkono zina difu ya nyuma inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure, ndiyo LSD, ila si zote zina utaratibu mmoja. STI nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na sahani za kusuguana ndani, na hizo hutaka oili iliyoandikwa LS, la sivyo gari hugugumia ukikata kona kali polepole. Za rika la lako zina Torsen, ambayo ni gia tupu bila sahani, haihitaji dawa hiyo. Tena usiimimine kwenye giaboksi kwa kudhani ni zawadi: senta difu yako, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ile yenye swichi ya DCCD karibu na gia, ina sahani za kukamata zinazooga kwenye oili hiyo hiyo ya giaboksi, na kazi yake ni kukamata, siyo kuteleza.

Kuhusu kununua: oili feki ipo, na ya gia ni rahisi kughushi kuliko ya injini kwa sababu hakuna anayeitazama kwa miaka. Nunua kwa muuzaji ambaye utamkuta palepale mwezi ujao. Angalia pete ya kizibo kama haijakatwa, namba ya toleo kama imechapwa kwenye chombo chenyewe na siyo kwenye stika pekee, na ukifungua unuse. GL-5 isiyo na harufu yoyote ya salfa nisingeitia kwenye difu yangu. Ukiagizia Dar ikaja kwa basi, omba ifungwe kwenye boksi la dukani, usikubali kumiminiwa kwenye dumu.

Kazi yenyewe inafanyika Tabora bila shida. Inataka shimo la gereji au stendi nne, na vifaa viwili ambavyo uulize kama vipo kabla hujapeleka gari: soketi ya nyota ya T70 kwa nati ya giaboksi, kwa kuwa nyingi za rika hili ndiyo zinayotaka, na racheti ya nusu inchi ambayo kichwa chake huingia moja kwa moja kwenye tundu la mraba la nati za difu ya nyuma. Asiyekuwa na T70 atajaribu patasi na nyundo. Gari likiwa tambarare huo ndio mwanzo. Likiinama mbele au nyuma kipimo chote kitakudanganya.

Endesha kwanza robo saa au dakika ishirini ili oili iwe vuguvugu na itoke na uchafu wake, ila isiwe ya kuunguza mkono. Kisha, kwenye difu ya nyuma, fungua nati ya juu ya kujazia kabla hujaigusa ya chini. Hili nalisisitiza kuliko yote. Nati ya kujazia ambayo haijafunguliwa miaka kumi na kitu inaweza kugoma kabisa au kufa tundu. Ikigoma na oili bado imo, unafunga vifaa unarudi nyumbani na gari lako. Ikigoma wakati oili imeshamwagika, gari haliondoki hapo, na mvua za masika zikikukuta kwenye uwanja wa gereji ni juu yako. Safisha tundu la mraba kwa bisibisi nyembamba na kipande cha waya kabla ya kuingiza racheti, matope ya huko hukaa ndani yakawa magumu, racheti ikaingia nusu na kulila tundu.

Nati ya giaboksi ya STI iko chini ya kasha, nyuma ya injini. Ya kumwagia oili ya injini iko mbele yake. Mwonyeshe kijana wa gereji kwa kidole, usimwachie akisie. Kwenye Subaru za otomatiki makosa haya ni ya kila siku: nati ya ATF na ya injini zote hufunguliwa kwa spana ya 17, mtu anamwaga ATF akidhani ni oili ya injini, anajaza injini mara mbili, gari linakwenda mita mia tatu na kusimama. Ukiwa na ndugu mwenye otomatiki ajue pia kwamba difu yake ya mbele ina oili yake peke yake na dipstiki (kijiti cha kupimia) yake peke yake, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuivuta.

Iache itiririke mpaka iwe matone. Badilisha washa ya nati ya giaboksi, ni kitu cha bei ndogo na ndicho huzuia uvujaji. Nati za difu ya nyuma zisipokuwa na washa, pakaa gundi ya gasketi kidogo kwenye uzi. Kasha la giaboksi ni aluminiamu, kwa hiyo mtu akitaka kuchomeka bomba refu kwenye racheti akaze kwa nguvu zake zote, mzuie. Uzi wa aluminiamu ukifa, tiba yake ni ya mashine.

Giaboksi jaza kupitia tundu la dipstiki kwa mpira mrefu na faneli. Weka lita tatu na nusu, subiri oili ishuke, pima, ongeza kidogo kidogo. Usizidishe: ikizidi itatoa povu na kutafuta njia ya kutokea kwenye tundu la kupumulia, na kwa sababu bomba la moto la turbo liko jirani utasikia harufu ya kuungua ukahangaika kutafuta ugonjwa ambao haupo. Difu ya nyuma haina dipstiki. Unasukuma oili kwa pampu ya mkono mpaka ianze kumwagika yenyewe kwenye tundu la kujazia, unaiacha iache kutiririka, unafunga.

Sasa ile oili ya zamani. Ipokee kwenye beseni safi, ya giaboksi mbali na ya difu, na uiangalie juani kabla haijachanganywa na kitu. Oili mpya ya difu ina rangi ya asali ya Tabora. Iliyotoka kuwa kahawia au nyeusi peke yake siyo habari mbaya. Ni umri na joto. Tazama sumaku za nati. Tope la kijivu laini, ambalo ukilisugua kati ya vidole husikii punje, ni usagikaji wa kawaida wa kilomita 58,000, hata likiwa limejaa sumaku yote. Lifute urudishe nati. Punje unazozisikia kwa kidole ni za kufikiria. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, vyenye pembe au umbo la jino, ni gia au beringi inayovunjika. Hapo hakuna oili itakayotibu.

Mng'ao wa dhahabu uliosambaa ndani ya oili ya giaboksi, ambao sumaku haikuukamata, ni shaba ya sinkronaiza. Kidogo tu ni kawaida. Ukiwa mwingi, na gia ya tatu inalia ukishusha kwa haraka, sinkronaiza zinaisha, na oili mpya itakupunguzia kelele kwa muda tu. Kwenye oili ya difu iliyogeuka kijivu chenye weupe na povu, maji yameingia. Mwaga, jaza, endesha kilomita mia mbili tatu, mwaga tena, kisha utafute yalikoingilia: sili ya ekseli au tundu la kupumulia lililozama. Na kama oili iliyotoka ni nusu lita mahali pa lita nzima, kuna sehemu inavuja. Pangusa chini kote pakauke, kisha uangalie kesho yake.

Piga picha za nati na beseni. Ukija kuuza gari, picha hizo zina thamani kuliko maneno.

Ikiwa ya difu imetoka nyeusi sana au na tope zito, irudie ile lita moja ya nyuma baada ya kilomita 5,000 na uilinganishe. Lita moja si gharama. Giaboksi usiirudie mpaka zipite kilomita 40,000 nyingine, isipokuwa uliona punje.

Hili hukuuliza, lakini linaua difu nyingi kuliko oili mbaya: matairi. Gari hili linataka manne ya kipimo kimoja na yaliyolika sawa, mzunguko wa moja usizidi wa jingine kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Ukifunga mawili mapya mbele na mawili ya mtumba nyuma, senta difu inafanya kazi ya kona wakati wewe uko kwenye barabara iliyonyooka, kutoka Tabora mpaka Nzega. Na kile kiswichi cha DCCD kiache kwenye otomatiki ukiwa lami. Kuifunga senta difu ni kwa matope.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Maji ya visima vya mtaani kwenu yanatoka ardhi hiyo hiyo. Mafundi seremala huichukua kwa furaha kupaka nguzo dhidi ya mchwa.

Kuhusu Kigoma: usiifanye kazi hii jioni ya kuamkia safari. Ifanye angalau wiki moja kabla, uendeshe mjini na walau mara moja mpaka Urambo na kurudi, kisha uingie chini na tochi uangalie nati tatu: ya giaboksi, na mbili za difu. Zikiwa kavu, pima tena dipstiki gari likiwa limepoa, na ile oili iliyobaki itie kwenye buti pamoja na mpira na faneli. Barabara ya Kaliua, Malagarasi mpaka Uvinza si mahali pa kutafuta 75W-90. Ukikutana na mchepuko wenye dimbwi usilolijua kina, shuka ulipime kwa fimbo. Na ukifika Mwanga ukahisi harufu kali ya salfa chini ya gari, usiende Ujiji kutembea kwanza. Tafuta shimo, angalia nati ya nyuma.